BEI YA FEDHA IMESHUKA: MKULIMA WA MJINI AWEKE AKIBA YAKE WAPI?

Somo la mwezi huu si juu ya mbolea, wala si juu ya ugonjwa wa kuku. Ni juu ya fedha na bei yake. Tunao wasomaji wengi huko Lucky Summer, katika Ruaraka, jirani na Baba Dogo, Korogocho na Dandora, na twajua kwamba hawana mashamba makubwa. Mmoja ana kuku wa mayai mia mbili nyuma ya vyumba vyake vya kupangisha. Mwingine hulima sukuma wiki na terere karibu na mto (habari ya kumwagilia mboga kwa maji machafu tumekwisha kuieleza mara nyingi, leo hatutairudia). Wa tatu ana nguruwe. Kazi hizi si za kujificha: sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 inatambua kilimo na ufugaji wa mjini. Na fedha zake huja kidogo kidogo, trei moja ya mayai leo na trei nyingine kesho, hata siku moja mtu akahesabu akaona ana Shs. 50,000/- au Shs. 100,000/- ambazo hana kazi nazo mara moja. Hapo ndipo huuliza: niziweke wapi?

Mwaka 2024 jibu lilikuwa rahisi. Karibu kila mtu alisema, "Ikopeshe Serikali." Jibu hilo leo si baya, lakini si lile lile tena, na wanaolishika bila kufikiri wanaweza kukata tamaa, au kutumbukia mahali pabaya kwa kuitafuta faida ambayo imekwisha kupita.

FEDHA NAYO INA BEI

Unajua kwa nini nyanya huwa ghali pale Marikiti: ni chache, na wanaozitaka ni wengi. Fedha ni vivyo hivyo, na bei yake ndiyo riba. Wakopaji wakiwa wengi na wenye hofu, riba hupanda. Wakipungua, au hofu ikiondoka, riba hushuka.

Mwanzo wa mwaka 2024 hofu ilikuwa kubwa. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa ng'ambo mwezi wa Juni, na wengi walishuku kama litalipwa. Dola moja ilifika karibu Shs. 160/-. Benki Kuu ya Kenya, ili kuitegemeza shilingi na kuzuia bei za vitu zisipande, ilipandisha kiwango chake cha riba hata kikafika 13 kwa mia mwezi wa Februari 2024. Mwezi huo huo Serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya na kununua sehemu kubwa ya lile deni la zamani kabla ya siku yake. Hofu ikapoa. Katikati ya mwaka dola ilikuwa imeteremka hata karibu Shs. 129/-, ikakaa hapo katika mwaka 2025 pia.

Katika Februari hiyo Serikali iliuza bondi ya miaka minane na nusu ya kujengea barabara na mambo mengine ya nchi. Ilitaka Shs. bilioni 70. Watu wakaleta zaidi ya Shs. bilioni 288! Serikali ikachukua karibu bilioni 241, kwa riba ya 18.46 kwa mia, na riba hiyo haikukatwa kodi. Maana yake ni kwamba kila Shs. 100,000/- zilizomo huleta karibu Shs. 18,460/- kwa mwaka, nusu yake kila baada ya miezi sita.

Kisha Benki Kuu ilianza kupunguza kiwango chake, mwezi wa Agosti 2024, na haikuacha. Desemba 2024 kilikuwa 11.25 kwa mia. Desemba 2025 kilikuwa 9 kwa mia. Riba nyingine zote zilifuata njia hiyo hiyo kama vifaranga nyuma ya mama yao, ingawa riba za mikopo ya mabenki zilifuata kwa uvivu kuliko riba wanazowalipa wenye akiba. Hilo utaliona wewe mwenyewe ukiuliza benki.

HESABU YA SIKU 91

Chukua kalamu. Serikali huuza kila wiki hati za muda mfupi: za siku 91, za siku 182 na za siku 364. Hati hizi hazina riba inayolipwa kando. Unanunua kwa bei iliyopunguzwa, na siku ikifika unapewa fedha kamili.

Katikati ya mwaka 2024, riba ya siku 91 ilipokuwa karibu 16 kwa mia, hati ya Shs. 100,000/- ilinunuliwa kwa kiasi cha Shs. 96,164/-. Faida ni Shs. 3,836/-. Kodi ya 15 kwa mia huondoa Shs. 575/-. Unabaki na Shs. 3,261/-.

Mwisho wa mwaka 2025 riba ya hati hiyo ilikuwa chini kidogo ya 8 kwa mia. Tuseme ni 8. Bei ya kununua ni kama Shs. 98,044/-, faida Shs. 1,956/-, kodi Shs. 293/-. Mkononi: Shs. 1,663/-. Ni nusu tu ya ile ya kwanza, kwa fedha karibu zile zile na siku zile zile.

Lakini usilie upesi. Faida haipimwi kwa shilingi zinazoongezeka tu, bali kwa vitu ambavyo shilingi hizo zitanunua. Mwezi wa Oktoba 2022 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa 9.6 kwa mia katika mwaka mmoja. Riba ya siku 91 wakati ule ilikuwa karibu 9 kwa mia, na baada ya kodi ilibaki chini ya 8. Mwenye hati wakati ule alikuwa akirudi nyuma, hata kama daftari yake ilionyesha faida. Mwisho wa 2025 bei zilikuwa zikipanda kwa 4.5 kwa mia hivi. Toa kodi kwenye 8, inabaki 6.8, toa 4.5, inabaki 2.3. Ni kidogo, lakini ni cha kweli. Mwaka 2024, kwa hesabu hiyo hiyo, kilibaki zaidi ya 9, na huo ulikuwa mwaka wa ajabu. Mkulima aliyepata mavuno ya gunia thelathini kwa eka mwaka wa mvua njema hapangi karo ya watoto kwa kutumaini thelathini kila mwaka.

BONDI NI KAMA NG'OMBE WA MAZIWA

Yuko aliyetuuliza: "Kama riba imeshuka, mbona jirani yangu aliyenunua bondi ya Februari 2024 bado anafurahi?" Anafurahi kwa sababu alifunga bei. Bondi ni kama ng'ombe anayetoa maziwa kiasi kile kile kila siku mpaka mwisho wa mkataba. Ng'ombe wa jirani hutoa 18. Ng'ombe wapya waliokuwa wakiuzwa na Serikali mwisho wa 2025, wale wa miaka mingi, walitoa karibu 13. Basi jirani akitaka kuuza ng'ombe wake leo, atapata bei kubwa kuliko aliyonunulia.

Hapa ndipo wengi husahau upande wa pili. Tuseme unanunua bondi ya miaka 15 inayotoa 13 kwa mia, kwa Shs. 100,000/-. Baada ya muda mfupi riba zinapanda tena, na bondi mpya zinatoa 16. Nani atanunua yako kwa Shs. 100,000/-? Hakuna. Atakupa kiasi cha Shs. 83,000/- tu. Ukiweza kungoja mpaka mwisho, Serikali itakulipa 100,000/- zako kamili na riba zote, wala hukupoteza chochote. Ukilazimika kuuza kwa sababu mtoto ni mgonjwa au karo imefika, hasara ni yako.

Kwa hiyo swali la kwanza si "Ipi inalipa zaidi?" Swali la kwanza ni "Fedha hizi nitazihitaji lini?" Fedha za chakula cha kuku cha mwezi ujao, na fedha za karo ya Januari, hazina ruhusa kuingia katika bondi ya miaka 15 hata kama inalipa 20. Mahali pake ni benki, au katika ile mifuko ya fedha ya pamoja iliyoandikishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo mtu aweza kuingia kwa simu na fedha kidogo, na kutoa kwa siku chache. Ila fahamu jambo moja: mifuko hiyo hukusanya fedha za watu wengi na kununua hati za Serikali na kuweka akiba katika mabenki. Riba zikishuka huko, hushuka na hapa. Hakuna anayekuibia. Na haina ahadi ya kiwango chochote. Benki ina kinga ya shirika la bima ya akiba hata Shs. 500,000/- kwa mtu mmoja katika benki moja, lakini usidhani kinga hiyo inafuata fedha kila ziendako.

HISA: MLANGO ULIOKUWA UMEFUNGWA

Soko la Hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na Waafrika hawakuruhusiwa kununua humo mpaka Uhuru. Leo mlango uko wazi, na tangu mwaka 2025 mtu anaweza kununua hata hisa moja, ambapo zamani ilikuwa lazima anunue mia moja.

Riba za Serikali zikishuka, fedha nyingi huhamia kwenye hisa, na ndivyo ilivyokuwa. Bei za hisa nyingi zilipanda sana mwaka 2024 na 2025. Hisa ya Safaricom, iliyokuwa karibu Shs. 14/- mwisho wa 2023, ilipita Shs. 25/- katika nusu ya pili ya 2025. Mtu akisikia hivyo hutaka kuuza kuku wote akimbilie mjini.

Ngoja kwanza usikie habari yote ya hisa hiyo. Mwaka 2008 iliuzwa kwa umma kwa Shs. 5/-. Watu walipanga foleni, wengine wakakopa benki ili wanunue. Mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya Shs. 3/-. Waliokopa walibanwa na madeni, wakauza kwa hasara. Waliotumia fedha zao wenyewe, ambazo hawakuzihitaji upesi, walikaa. Mwaka 2021 ilipita Shs. 40/-, kisha ikaporomoka. Kwa mwaka wa hesabu wa 2025 kampuni iliwalipa wenye hisa Shs. 1.20 kwa kila hisa. Mwenye hisa 1,000 alizonunua kwa Shs. 5,000/- mwaka 2008 alipata Shs. 1,200/-, zikakatwa kodi ya 5 kwa mia, na hisa zake bado anazo. Hisa ni ile ile na kampuni ni ile ile. Tofauti ya watu hawa wawili ni kwamba mmoja aliweza kungoja na mwingine hakuweza.

Wala kungoja peke yake hakutoshi. Kampuni ya sukari ya Mumias iliuza hisa kwa umma mwaka 2001, na wakulima wa miwa walikuwa miongoni mwa walionunua. Mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu wa wadai. Aliyengoja na hisa za Mumias alingoja bure. Ndiyo maana hatumshauri mtu mwenye akiba ya Shs. 100,000/- kuiweka yote katika kampuni moja, hata iwe na jina kubwa namna gani.

VYAMA, VIWANJA NA WAPANDA MBEGU

Vyama vya akiba na mikopo vimejenga nyumba nyingi za Eastlands, na sisi twavipenda. Lakini uliza maswali. Je, chama kina leseni ya SASRA? Akiba za wanachama zimewekwa wapi? Mwaka 2025 ripoti ya ukaguzi ilitangazwa kuonyesha kwamba Shs. bilioni 13.3 zilipotea katika KUSCCO, muungano ambao vyama vingi viliweka fedha zake huko.  Basi nenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na ukipewa karatasi ya hesabu usiikunje ufungie nayo maandazi. Angalia ni kiasi gani kimewekwa nje ya chama, na kwa nani.

Viwanja vya Ruai, Kamulu na Joska hupendwa sana na watu wa upande wetu. Kiwanja ni mali, lakini hakileti mayai, na huwezi kuuza pembe yake moja ukalipa karo. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanya uchunguzi katika daftari za ardhi za Serikali, si katika simu ya dalali.

Sasa kuna watu wa kuogopwa. Riba halali zinaposhuka, wao hupata kazi. Hujua kwamba yupo mtu aliyezoea 16 au 18 na hataki kusikia 8. Humwendea wakamwambia, "Kwetu ni 20 kwa mia kwa mwezi." Nchini Tanzania, chama kilichoitwa DECI kiliwaambia watu "wapande" fedha kama mbegu na kwamba baada ya muda "watavuna" maradufu. Mwaka 2009 Serikali ya huko ilikizuia. Wewe ni mkulima. Unajua mbegu ni nini. Mbegu huota kwa sababu kuna udongo na maji na kazi. Muulize mtu huyo fedha zako zitafanya kazi gani hata zizae mara mbili. Akijibu kwamba utalipwa ukileta wengine, basi fedha za wengine ndizo mavuno yako, na fedha zako ni mavuno ya aliyekutangulia. Siku wageni wakiisha, shamba limekauka.

NANI ANAFAIDI RIBA IKISHUKA?

Kwa maoni yetu, riba ikishuka faida huhama kutoka kwa anayekopesha na kwenda kwa anayefanya kazi. Hili ndilo jambo ambalo watu wa Lucky Summer wanaopenda kuzungumza juu ya bondi hawalizungumzi vya kutosha.

Kwanza, kama una deni ghali, lipa hilo. Mwisho wa 2025 mikopo ya mabenki ilikuwa kwa wastani karibu 15 kwa mia. Deni la Shs. 50,000/- kwa kiwango hicho hukugharimu Shs. 7,500/- kwa mwaka. Bondi ya Shs. 50,000/- ya 13 kwa mia hukuletea Shs. 6,500/-, na kodi bado. Mtu anayeshika vyote viwili huchota maji kwa kikombe huku mtungi unavuja. Mikopo ya simu, ukiihesabu kwa mwaka, mara nyingi ni ghali zaidi ya hiyo.

Pili, hesabu kuku wako kama unavyohesabu bondi. Andika gharama ya vifaranga, chakula, dawa, umeme, na waliokufa, kisha mayai uliyouza na bei uliyopata. Kama Shs. 50,000/- zilizomo ndani ya banda zinakuletea Shs. 12,000/- safi kwa mwaka, baada ya kujilipa wewe mwenyewe kwa kazi yako, basi banda lako linashinda hati za Serikali, na kuliongeza kidogo kwaweza kuwa busara kuliko kupanga foleni ya bondi. Kama linakuletea Shs. 2,000/-, usilaumu Benki Kuu. Wengi hawajui jibu kwa sababu hawaandiki.

Tatu, ukikopa ili uongeze banda, uliza benki kama riba itabadilika. Riba iliyoshuka leo yaweza kupanda kesho. Deni la Serikali lilipita Shs. trilioni 11 mwaka 2025, na zaidi ya nusu limekopwa humu nchini. Serikali ikirudi sokoni kwa pupa, bei ya fedha itapanda tena. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na wafanya biashara wengi huanza kuficha fedha zao kabla ya uchaguzi. Mafuta nayo, yakipanda ng'ambo, hupandisha nauli ya matatu na bei ya chakula cha kuku pamoja. Hatusemi mambo haya yatatokea. Twasema mkopo wako uweze kulipika hata kama riba itaongezeka kwa 3 au 4 kwa mia.

JINSI YA KUANZA

Anayetaka kununua bondi ya Serikali hahitaji dalali. Benki Kuu ilianzisha mwaka 2023 njia inayoitwa DhowCSD, ambayo hutumika kwa simu au kompyuta. Utahitaji kitambulisho, namba ya kodi ya KRA na akaunti ya benki. Bondi huanza na Shs. 50,000/-. Mtu mdogo haombi riba yake mwenyewe. Huchagua kupokea wastani wa mnada, na hivyo hana haja ya kushindana na mabenki. Kwa hisa, tafuta wakala aliyeandikishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na jina lake ulitazame katika orodha ya Mamlaka yenyewe, si katika karatasi anayokuonyesha.

Katika daftari ile ile unayoandika mayai, tenga ukurasa mmoja wa namba nne. Andika kiwango cha Benki Kuu, ambacho kamati yake hukiangalia kila miezi miwili. Andika kiwango cha kupanda kwa bei, kinachotangazwa na ofisi ya takwimu ya Serikali mwisho wa kila mwezi. Andika riba ya siku 91 ya wiki hiyo. Na ya nne, bei ya gunia la chakula cha kuku pale unaponunua, kwa sababu hiyo itakufikia kabla ya nyingine zote.